Ncha ya Waya ni Kiziwi

Ndege ya kwanza tuliizika kwenye chumvi.
Gongoni, Jumapili, saa nne na robo,
mabwawa meupe yakiumiza macho,
nayo ikageuza mkia ikaenda zake upande wa Marereni
kana kwamba kule kuna mtu aliyeiita kwa jina.
Nikavuta kijiti cha rimoti. Nikakivuta tena.
Hewani hakukuwa na mtu.

Wapakiaji chumvi waliacha makoleo wakacheka:
"Tsuma, mwanao katoroka nyumbani!"
Nilivua viatu, nikaingia bwawani hadi magotini,
nikarudi na bawa moja, betri inayotoka povu,
na kidonda cha juzi kikiwaka moto kisiginoni.

Dama, dada yangu, hakucheka wala hakunipa pole.
Anauza juisi ya ukwaju mbele ya kituo cha pikipiki
na mkono wake umezoea kupasua vitu.
Aliuchana mwili wa ndege kwa kisu cha maembe
(maboksi ya samaki yale, tuliyookota sokoni Malindi,
bado yananuka nguru)
akaikuta risiva, ndogo kama kiberiti,
na nyaya zake mbili
nilizozilaza pamoja, sambamba, nadhifu,
nikazibana kwa selotepu kwenye ufito wa kaboni.

"Nadhifu," akasema. "Kama maiti wawili."

Karatasi ya maelezo, ile niliyofungia karanga,
aliikunjua, akaisoma na mafuta yake.
Urefu wote ule wa waya ni wa kubebea tu;
kinachosikia ni kipande cha mwisho, kilicho uchi,
sentimita tatu na kidogo.
Kisikunjwe. Kisikatwe. Kisilale juu ya betri,
kisikaribie mota. Na kaboni ni ukuta:
ukiuegemea, utausikia ukuta.
Kisha likaja hili, lililonikalisha chini:
waya hausikii kwa ncha.
Ukiuelekeza kwako kama kidole, haukujui.
Unasikia kwa ubavu.

Ndiyo maana ziko mbili.
Mmoja ulale na bawa, mmoja usimame na mkia,
pembe mraba, kama mkeka na nguzo,
ili ndege igeukapo ikakupa kisogo,
mmoja ukipoteza neno, mwenzake alidake.

Dama alichomoa mirija miwili ya juisi,
akapitisha waya ndani ya kila mmoja
kwa subira ya mtu anayetunga asumini.
Mmoja ukalala ndani ya bawa,
mwingine ukachomoza mgongoni, wa manjano,
na ndege ikafanana na panzi mwenye kinyongo.

Jioni aliinyanyua juu ya kichwa,
akatembea hatua thelathini mpaka kwenye ua la makuti,
akaigeuza: tumbo, kisogo, ubavu.
Usukani ukatii kila upande.

Baba alikuwa kizingitini, anatazama.
Miaka kumi na tisa kando ya pampu ya dizeli
ilimla sikio la kushoto,
nami miaka sita nimekaa kushoto kwake
kwa sababu ndiko kiliko kiti,
nikipaza sauti, nikisema mzee ana kiburi.

Nilihamisha kiti.
Sikusema kitu cha maana. Niliuliza kama chai ina sukari.
"Imezidi," akajibu, upesi,
kama aliyekuwa na jibu mdomoni tangu mwaka jana.

Jumapili ya pili upepo ulitupiga ubavuni.
Ndege ikapanda, ikapita juu ya heroe, wala hawakuinuka,
ikapungua mpaka ikawa nukta upande wa Ngomeni,
kwenye mabakuli makubwa yanayosikiliza mbingu.
Nikakata kona. Ikanipa kisogo.
Nikahesabu moja, mbili,
mrija wa manjano ukametameta juani,
na ikarudi.

"Mirija miwili," Dama akasema, mkono wazi.
"Utanilipa."